Fundi Hardy na Pikipiki za Mnadani

Mtunzi wa utenzi wa pwani alikuwa na ada yake. Akishamaliza kisa chote, vita vikapiganwa, mashujaa wakazikwa na dua zikaombwa, aghalabu alibakisha beti chache za mwisho ili ajitaje: yeye ni nani, mwana wa nani, na utenzi umetimia mwaka gani wa Hijra. Kwa ada hiyo, watu waliofariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita wangali wakitajwa kwa majina yao Lamu na Pate, Mombasa na Unguja. Fundi wa jahazi hakuwa na beti hizo. Chombo alichokiunda kiliitwa kwa jina alilolitaka tajiri, na kilipofika salama bandarini aliyesifiwa ni nahodha.

Katika mji wa Los Angeles, Marekani, palikuwa na fundi wa namna hiyo, ijapokuwa chombo chake kilikuwa cha nchi kavu. Jina lake Benjamin Hardy, wateja wakimwita Benny. Karakana yake ilikuwa upande wa kusini wa mji, katika mitaa ya Wamarekani weusi, na kazi yake ilikuwa kuchukua pikipiki kuukuu za Harley-Davidson, kuzifungua hadi ukaonekana mfupa, kisha kuziunda upya kwa vipuri vya huku na huku mpaka zikawa kitu ambacho kiwanda hakikupata kukiota. Pikipiki zilizotoka mikononi mwake zilionekana katika filamu iitwayo Easy Rider, iliyotolewa Julai 1969, na tangu hapo umbo lao limechorwa kwenye fulana, mabango na kuta za mikahawa duniani kote. Hardy alifariki mwaka 1994. Wengi wa waliozipenda pikipiki hizo hawakuwahi kulisikia jina lake.

Ufundi wenyewe haukuanza kwake, na hapana haja ya kumvisha kilemba cha ukoka. Mizizi yake imo katika Vita Vikuu vya Pili. Kiwanda cha Harley-Davidson, kilichoasisiwa Milwaukee mwaka 1903, kiliunda zaidi ya pikipiki 70,000 za aina ya WLA kwa ajili ya majeshi, na vita vilipokwisha mwaka 1945 nyingi ziliuzwa kwa bei ya chini pamoja na vipuri vyake. Askari waliorudi makwao walikuwa wamezoea mashine iliyopunguzwa mapambo. Walipoziangalia pikipiki za kiraia waliona ni nzito kupita haja: madigadi mapana, mabegi ya ngozi, vioo vya kukinga upepo, viti vya springi. Wakaanza kupunguza. Digadi la mbele liling'olewa, la nyuma likakatwa, na kila kilichoweza kufunguliwa bila ya kuizuia injini isizunguke kikafunguliwa. Pikipiki hizo ziliitwa boba, kwa mfano wa mnyama aliyekatwa mkia. Makusudio yalikuwa mwendo, wala si urembo.

Mwaka 1947 yalitokea mambo katika mji mdogo wa Hollister, California, ambako waendesha pikipiki walikusanyika kwa mashindano na baadhi yao wakalewa na kufanya vurugu. Magazeti yaliyakuza, picha ikachapishwa katika jarida la Life, na mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Wild One, ambamo Marlon Brando alikuwa kiongozi wa genge. Tangu hapo, Mmarekani wa kawaida akiona kundi la pikipiki zilizokatwa alitazamia shari. Hayo ni mashuhuri na yameandikwa mara nyingi. Yaliyoandikwa kwa uchache ni kwamba, wakati wote huo, walikuwapo waendesha pikipiki weusi wenye vyama vyao na mafundi wao. Katika mji wa Oakland, kaskazini mwa California, chama cha East Bay Dragons kiliasisiwa mwaka 1959, nao walipanda Harley zilizokatwa na kupambwa.

Chopa ni mtoto wa boba, lakini ni mtoto aliyekataa kufanana na mzazi wake. Boba ilipunguza ili iende mbio. Chopa ilipunguza, kisha ikarefusha: foki, yaani ile mikono miwili inayolishika gurudumu la mbele, ilitolewa mbali, usukani ukapandishwa juu, tangi kubwa la mafuta likavuliwa na badala yake likawekwa dogo. Matangi madogo yaliyopendwa sana yalitoka kwenye pikipiki ndogo za Mustang, zilizoundwa Glendale, jirani na Los Angeles, hadi kiwanda chake kilipofungwa katikati ya miaka ya 1960. Pikipiki yenyewe ilikwisha kusahauliwa. Tangi lake likapata maisha ya pili juu ya mgongo wa mashine ya watu wengine.

Inafaa kusimama kidogo hapa, maana wasioijua kazi hii hudhani kwamba ni kurefusha tu. Mtu akirefusha foki bila ya kuigusa fremu, sehemu ya mbele huinuka na injini ikalala kinyumenyume, pikipiki ikawa kama ngalawa iliyopakiwa tezini peke yake. Fundi anayejua huikata shingo ya fremu, akailaza zaidi, akaichomea upya, ili foki ndefu itoke mbele na huku fremu ikibaki sambamba na ardhi. Kazi hiyo ni ya hatari. Mchomo mbaya wa shingo hauonekani chini ya rangi. Huonekana siku unapoachia, na siku hiyo mpandaji yumo mwendoni.

Tena kuna jambo ambalo jicho halilioni. Fikiria mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu na kuendelea hadi chini. Utaigusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali baina ya alama hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe lenyewe kwenye njia iliyonyooka, kama vile vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyojigeuza vyenyewe kufuata upande kinakosukumwa. Umbali ukiwa mdogo mno, pikipiki hutapatapa inapoenda kasi. Ukiwa mkubwa mno, hunyooka barabarani kama mshale, lakini kwenye kona ya polepole usukani huangukia upande kwa uzito wake na mpandaji akapambana nao kwa mabega. Kuilaza shingo huuongeza umbali huo. Hivyo basi kila chopa nzuri ni suluhu iliyopatikana baina ya sura na utii, na suluhu hiyo mafundi wa zamani waliipata kwa majaribio, kwa kamba ya kupimia na kwa kuanguka. Mmoja wa waliomtaja Hardy kuwa mwalimu ni fundi mweusi ajulikanaye kwa jina la Sugar Bear, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa foki ndefu zilizoelekea kwa wepesi.

Mwenye kupata kumwona fundi wa vespa Unguja akimfufulia mtu vespa kongwe, kabureta ya moja na rimu ya nyengine, hatoshangazwa na karakana kama ile ya Hardy. Tofauti ni kwamba fundi wa vespa huirudisha vespa kuwa vespa. Fundi wa chopa alivichukua vipuri vilivyokwisha kuwa na maisha yao na kuvitaka vifanye jambo jengine. Harley zilimsaidia, kwa sababu kiwanda hakikuwa na haraka ya kubadilisha mambo: vipuri vingi vya mwaka huu viliweza kukubaliana na vya miaka kumi nyuma kwa marekebisho machache. Injini iliyopendwa zaidi ilikuwa ile ya mwaka 1948 hadi 1965, yenye silinda mbili zilizokaa kama herufi V na vifuniko vya juu vilivyofanana na sufuria zilizofudikizwa. Kwa sura hiyo Wamarekani wakaiita Panhead, yaani kichwa cha sufuria. Ile kubwa ilikuwa ya sentimita za ujazo takriban 1,200. Kwa karibu miaka yote hiyo haikuwashwa kwa kitufe. Ilipigwa kiki, na asiyejua kuipigia aliweza kuumizwa mguu.

Kwa nini Los Angeles, na kwa nini upande wa kusini? Jawabu moja ni viwanda. Mwaka 1941 Rais Franklin Roosevelt alitoa amri ya kukataza ubaguzi wa rangi katika viwanda vya ulinzi, na katika miaka ya vita maelfu ya Wamarekani weusi waliondoka majimbo ya kusini wakaenda California kufanya kazi katika viwanda vya ndege na meli. Humo walijifunza kuchomea, kukereza vyuma na kusoma michoro. Vita vilipokwisha kazi zikapungua, lakini ujuzi hauondoki mkononi. Mji wenyewe ukatanuka kwa barabara pana na hali ya hewa inayoruhusu kupanda pikipiki mwaka mzima. Watu hao walibanwa katika mitaa michache kwa mikataba ya nyumba na kwa chuki za majirani, na ndani ya mitaa hiyo kila kitu kilibidi kipatikane: duka, kanisa, kinyozi, fundi.

Jawabu la pili ni mnada. Polisi wa Los Angeles walipanda Harley, na kila zilipochakaa kwa hesabu ya serikali ziliuzwa. Pikipiki ya polisi ilikuwa nzito, takriban kilo 250 kabla ya kutiwa ving'ora na redio, lakini ilikuwa imetunzwa na injini yake ilikuwa nzuri. Mwenye fedha kidogo na fundi hodari aliweza kuinunua kwa bei ya mtumba, akavua kila alama ya dola, akaubakisha moyo wake.

Msomaji aizingatie hali hiyo. Agosti 1965 mitaa ya Watts, katika upande huo huo wa mji, ililipuka kwa siku sita. Watu 34 walifariki. Chanzo cha karibu kilikuwa kusimamishwa kwa kijana mweusi aliyekuwa akiendesha gari, na aliyemsimamisha alikuwa polisi wa barabara kuu juu ya pikipiki. Kwa wakaazi wa mitaa ile, mlio wa pikipiki ya polisi ulikuwa na maana isiyohitaji tafsiri. Na ni pikipiki za polisi zilizoingia katika karakana za mafundi kama Hardy na kutoka nyengine kabisa, zikiwa zimevuliwa sare.

Hapa ndipo anapoingia Clifford Vaughs. Alizaliwa Boston mwaka 1937, akatumikia katika jeshi la wanamaji wa nchi kavu, akasoma chuo kikuu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akahamia Los Angeles, ambako alijuana na Hardy na kujifunza ufundi wa chopa katika karakana yake. Kisha akajiunga na SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za raia bila ya kutumia nguvu, akiwa mpiga picha na mhamasishaji. Ipo picha mashuhuri ya mwaka 1964 iliyopigwa na Danny Lyon katika mji wa Cambridge, jimbo la Maryland: askari wa ulinzi wa taifa wanamvuta kijana mmoja mweusi, na wenzake wanamng'ang'ania wasimwachie. Kijana huyo ni Vaughs. Aliichukua chopa yake hadi majimbo ya kusini, na huko, katika barabara za Alabama, akaipanda mchana kweupe. Katika nchi ambayo mtu mweusi alitakiwa ainamishe macho anapopishana na mzungu, kupita umekaa juu ya mashine ya namna ile, usukani juu na injini ikinguruma, kulikuwa ni kusema jambo bila ya kufungua kinywa.

Aliporudi California alifanya kazi ya habari katika redio ya KRLA. Mwaka 1966 mwigizaji Peter Fonda alifikishwa mahakamani kwa tuhuma za bangi, na Vaughs alikwenda kuripoti. Mazungumzo yao yakahamia kwenye pikipiki. Fonda na mwenzake Dennis Hopper walikuwa na wazo la filamu ya watu wawili wanaoikata Marekani kutoka magharibi hadi mashariki, na Vaughs akaingizwa katika matayarisho. Yeye mwenyewe alidai hadi mwisho wa maisha yake kwamba hata jina la filamu lilitoka kwake. Wengine hawakukubali. Lakini kwamba alizishughulikia pikipiki na kuzipeleka kwa Hardy, hilo limethibitika.

Zilinunuliwa Harley za polisi mnadani, za miaka ya 1949, 1950 na 1952, kwa bei inayotajwa kuwa dola 500. Makenika Larry Marcus pia alishiriki. Zikaundwa mbili za kila aina, ili moja ikiharibika kazi isisimame. Ya kwanza, iliyoitwa Captain America, ilikuwa ya Fonda: foki ndefu iliyolala, fremu isiyo na springi nyuma, digadi la mbele hakuna, breki ya mbele hakuna, vyuma vyote vimetiwa kromu, na tangi dogo lililopakwa nyota na mistari ya bendera. Ya pili, ya Hopper, ilikuwa fupi na ya kawaida zaidi, tangi lake limechorwa ndimi za moto. Ni kazi ya watu wanaojua wakome wapi. Chopa nyingi zilizokuja baada ya filamu ziliharibiwa na wingi wa mapambo. Hizi hazina kitu ambacho mtu angetamani kukiondoa.

Upigaji wa picha ulianza mapema mwaka 1968, wakati wa sherehe za Mardi Gras katika mji wa New Orleans, na ulianza kwa mtafaruku. Hopper alikuwa mwongozaji kwa mara ya kwanza na hakupatana na wengi. Baada ya siku hizo za mwanzo Vaughs aliondolewa kazini. Filamu ikaendelea bila yake, ikakamilika kwa gharama ya chini ya dola 400,000, ikampatia Hopper tuzo ya filamu ya kwanza katika tamasha la Cannes mwaka 1969, na ikaingiza mamilioni kwa makumi.

Filamu hiyo husifiwa kuwa ni kioo cha Marekani ya wakati wake. Ni kioo chenye kasoro ya ajabu. Imepigwa mwaka aliouawa Martin Luther King, inapita katika majimbo ya kusini, inaisha kwa wapandaji wawili kupigwa risasi na watu waliomo ndani ya gari la mizigo kwa sababu tu ya sura zao, na haina hata mhusika mkuu mmoja mweusi. Barabara zile na hatari ile Vaughs alikuwa akizijua kabla ya kamera. Majina yanapopanda mwishoni mwa filamu, la Vaughs halimo na la Hardy halimo.

Haingekuwa uadilifu kudai kwamba Fonda aliificha habari yote. Aliwahi kueleza katika mahojiano ya redio kwamba pikipiki alizinunua kwa polisi wa Los Angeles na kwamba alizijenga yeye, akisaidiwa na watu watano weusi wa Watts. Aliitaja idadi, akautaja mtaa, akaitaja rangi. Jina hakulitaja hata moja. Yaelekea hakuwa na nia mbaya. Ndivyo mafundi wanavyokumbukwa na matajiri mahali pengi: kwa idadi. Pakiwa na mwanya kama huo hutokea wa kuuziba, na kwa miaka mingi usanifu wa pikipiki hizo ulihusishwa na watu mbalimbali wa Hollywood, wakiwemo waliozitunza wakati wa kupiga filamu au kuzitengeneza baadaye.

Mmoja wao alikuwa Dan Haggerty, aliyefanya kazi ya kuzihudumia pikipiki na kuonekana kidogo katika filamu yenyewe. Captain America iliyochomwa moto katika tukio la mwisho ilibaki mabaki, na Haggerty akaijenga upya. Oktoba 2014 pikipiki iliyonadiwa kuwa ndiyo hiyo iliuzwa California kwa dola milioni 1.35. Lakini mtu mwengine huko Texas alikuwa nayo ya kwake, naye pia alikuwa na hati ya uthibitisho, na hati zote mbili zilikuwa na saini ya Haggerty yule yule. Gazeti la Los Angeles Times lilipomuuliza, alikiri.

Kadhia hiyo ilichekesha wengi, lakini ndani yake mna swali ambalo si la mchezo. Harley za kabla ya mwaka 1970 zilikuwa na namba moja tu iliyotambulikana kisheria, nayo iligongwa kwenye kasha la injini. Fremu haikuwa na namba ya usajili. Mbele ya karani, pikipiki ni kasha la injini, na vyengine vyote ni nguo zake. Sasa chukua pikipiki ambayo injini yake ilikuwa ya polisi, tangi la mfano wa Mustang, fremu imekatwa shingo na kuchomewa upya, ikaungua, ikajengwa tena na mkono mwengine kwa fremu iliyosalia na vipuri vyengine. Ni ipi iliyo ya asili? Wapenzi wa mashairi wanalijua swali hili kwa sura nyengine, pale nakala tatu za utenzi mmoja zinapotofautiana beti na hakuna hata moja iliyoandikwa na mtunzi. Lakini mhariri wa nakala hizo huwa anajua angalau anamtafuta nani. Wanunuzi wa mwaka 2014 walibishana juu ya vyuma na saini, wakiitafuta pikipiki ya Fonda. Katika ubishi wote ule, kilichoweza kuitambulisha mashine zaidi ya karatasi yoyote ni michomo ya shingo, nayo ilikuwa kazi ya mkono wa fundi.

Kiwanda nacho kilikuwa na hadithi yake. Miaka ya 1960 wengi wa mawakala wa Harley hawakutaka hata kuiona chopa ikiegeshwa mbele ya duka lao. Waliihesabu kuwa ni kuiharibu mali ya kiwanda. Filamu ikatoka, vijana wakaanza kuzitaka, na mwaka 1971 kiwanda kikatoa pikipiki iliyoitwa Super Glide. Msanifu wake, Willie G. Davidson, mjukuu wa mmoja wa waasisi, aliichukua fremu na injini ya pikipiki kubwa akaipachika sehemu ya mbele ya ile ndogo, Sportster. Kwa maneno mengine, kiwanda kilijifanyia chenyewe kile ambacho mafundi wa vichochoroni walikuwa wakikifanya kwa miaka ishirini: kikaunganisha vipuri vya mashine mbili kikapata ya tatu. Zikafuata Low Rider mwaka 1977 na Wide Glide mwaka 1980, na hii ya pili ilikuwa na foki pana na tangi la moto lililochorwa kiwandani. Ufundi uliokuwa aibu ukawa bidhaa yenye dhamana.

Vaughs hakukaa kuyatazama hayo. Katika miaka ya 1970 aliondoka Marekani akaishi kwenye mashua ya tanga katika bahari ya Karibi kwa miaka mingi, mbali na pikipiki na mbali na Hollywood. Hardy alibaki na karakana yake na wateja wake hadi mwisho. Kwa wapandaji weusi wa Los Angeles hapakuwa na siri yoyote ya kufichuliwa; wao walijua siku zote chopa zile zilitoka mlango gani. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuwauliza. Mwaka 2008 Makumbusho ya Wamarekani Weusi ya California, mjini Los Angeles, yalifanya maonyesho yaliyoitwa Black Chrome kuhusu historia ya wapandaji na mafundi weusi. Mwaka 2014 mwandishi Paul d'Orléans alitoa kitabu cha historia ya chopa ambamo habari za Vaughs na Hardy zilielezwa kwa urefu, na redio ya taifa ya Marekani ikazisimulia mwaka huo huo, mwezi ule ule wa mnada. Vaughs alikuwa hai kuyasikia. Alifariki Julai 2016. Hardy alikuwa amekwisha kufa miaka ishirini kabla.

Zimebaki pikipiki tatu. Kati ya zile nne zilizoundwa, moja ndiyo iliyoungua mbele ya kamera. Nyengine tatu ziliibiwa kabla ya kazi ya filamu kumalizika na kabla ya filamu kuonyeshwa popote, wakati ambapo Captain America halikuwa na maana yoyote kwa mtu wa mtaani. Wezi hawakuiba historia. Waliiba Harley nzuri zilizotengenezwa vizuri, ambazo fremu zake hazikuwa na namba na matangi yake yangeweza kupakwa rangi nyengine mchana mmoja. Inaaminika zilifunguliwa zikauzwa vipande vipande, foki kwa huyu, tangi kwa yule, na vipuri vyake vikaingia katika pikipiki za watu ambao hawakuambiwa vimetoka wapi. Hazijaonekana tena.